Kirungu kilimponyoka London, Rio hakudondosha kitu, na bado medali ikampita!

Kama wiki imekuendea kombo, mfuko umetoboka na yule aliyeahidi kukupigia hajapiga mpaka leo, basi vuta kiti ukae. Leo nina stori ya binti aliyekitafuta kitu kimoja tangu utotoni, akakikosa mara mbili, tena mbele ya dunia nzima.

Anaitwa Son Yeon-jae, mtoto wa Korea Kusini. Kule kwao jina la ukoo ndilo linalotangulia, kwa hiyo Son ni la ukoo, Yeon-jae ndilo lake mwenyewe. Mimi nitamwita Yeon-jae tu, kwa sababu nimeshamzoea. Yeye hanijui, lakini hilo si tatizo. Hata Neymar hawajui washikaji wa kijiweni kwetu, na bado wanamtetea mpaka wanataka kutoana macho.

NILIVYOMJUA

Nilimwona kwa mara ya kwanza Jumamosi ya Agosti 20, 2016, sebuleni kwa shangazi yangu, Sinza. Wakati huo nilikuwa kidato cha nne, nimebakiza miezi miwili na ushee nikae kwenye mtihani wa taifa. Nyumbani kwetu Mbagala kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimekwisha na mzee kaapa halipii tena. Nikaaga naenda kwa shangazi kujisomea. Si unajua tena mambo ya kujisomea penye TV kubwa.

Usiku ule binamu zangu wawili waliishika rimoti kama polisi kashika bunduki. Walikuwa wanasubiri fainali ya soka ya Olimpiki ya Rio, Brazil na Ujerumani. Mpira ulikuwa bado, basi wakanihurumia: haya, tazama unachotaka, muda ukifika tunachukua chetu.

Nilichokikuta kwenye skrini ni msichana mwembamba, nguo inametameta, anarusha pete juu karibu na taa, anabiringika chini mara mbili, anainuka, pete inamkuta mkononi kama iliyotumwa.

"Sarakasi hizo," akasema binamu mkubwa kwa dharau.

Shangazi alikuwa anachambua mchele wa kesho. Akainua macho, akatazama weee, akauliza: "Huyo mtoto mifupa yake kaiacha wapi?"

Tukacheka. Lakini mimi sikubadilisha stesheni.

MCHEZO WENYEWE

Kwa asiyejua, huu mchezo unaitwa jimnastiki ya mdundo. Usiuchanganye na ule wa kina Simone Biles wa kuruka juu ya mabomba na kupiga sarakasi hewani. Huu ni wa zulia, muziki na vifaa vya mkononi, na kwenye Olimpiki wanacheza wanawake peke yao. Uliingia huko mwaka 1984, Los Angeles.

Zulia lenyewe ni mraba wa mita 13 kwa 13. Unaingia peke yako na kifaa kimoja, muziki unaanza, na una sekunde 75 hadi 90 kumaliza kila kitu. Vifaa ni vinne: pete, mpira, virungu viwili, na utepe wa mita sita uliofungwa kwenye kijiti. Unamaliza kifaa kimoja, unatoka, unabadili nguo, unarudi na kingine mpaka vinne vitimie. Miguuni wanavaa nusu kiatu kinachofunika vidole tu, kisigino kiko nje kinapunga upepo.

Ukitazama unaona raha, binti anatabasamu, anacheza kama yuko kwenye harusi ya dada yake. Usidanganyike. Kifaa hakitakiwi kutulia. Utepe haupaswi kujifunga fundo, na mpira unabiringishwa juu ya mikono na kifua bila kukamatwa kihunihuni. Na lile tabasamu ni kazi pia, maana hata sura yako ni sehemu ya mchezo. Waamuzi wamekaa wanakodoa. Kitu kikianguka wanakata alama, ukikikimbilia mbali wanakata zaidi, na ule mtindo mgumu uliokuwa unaujenga unakufa hapohapo. Halafu alama za vifaa vyote vinne zinajumlishwa. Hakuna kipindi cha pili, hakuna marudiano ugenini. Huwezi kusema refa kanionea, nasubiri mechi ijayo. Mechi ijayo ni baada ya miaka minne!

MTOTO WA SEOUL

Yeon-jae alizaliwa Seoul, Mei 28, 1994, na aliingia kwenye mchezo huu kabla hata ya kuanza shule ya msingi. Hapo lazima uelewe kitu. Wakorea ni moto kwenye upinde na mshale, ni moto kwenye taekwondo, lakini jimnastiki ya mdundo haikuwa yao. Huo ulikuwa mchezo wa Warusi, Wabulgaria, Waukraine na Wabelarusi. Wale wakubwa walikuwa wameshakaa mezani, sahani zimejaa, na mlango wamefunga.

Hata Asia yenyewe, waliotamba walikuwa Wakazakhstan na Wauzbekistan. Aliya Yussupova wa Kazakhstan alishika nafasi ya nne Athens 2004, akarudi Beijing 2008 akashika ya tano. Medali hakuipata. Kuanzia 1984 hadi Olimpiki ya Paris 2024, hakuna mchezaji wa zile nchi zinazoshiriki Michezo ya Asia aliyewahi kuvishwa medali ya Olimpiki ya mchezaji mmoja mmoja. Wachina walichukua dhahabu Paris, ndiyo, lakini ile ni ya kikundi, watu watano zuliani kwa pamoja. Ya mtu mmoja bado.

Sasa mwaka 2010 Wakorea walikuwa wamelewa sifa. Kim Yuna, binti yao wa kuteleza kwenye barafu, alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Vancouver, nchi nzima ikawa inaimba jina lake. Mwaka huohuo akachomoza huyu mdogo wa miaka 16, sura ya kitoto, akachukua shaba kwenye Michezo ya Asia, Guangzhou, China. Basi ikawa kasheshe! Magazeti yakambandika jina la kihadithi, kama vile viumbe vidogo vyenye mabawa kwenye vitabu vya watoto. Matangazo ya biashara yakamiminika. Kila mtu akawa anauliza: huyu ndiye Yuna mwingine?

Lakini ukweli ulikuwa mchungu. Miezi michache kabla ya shaba hiyo, mwaka huohuo 2010, alikwenda Moscow kwenye mashindano ya dunia akatoka wa 32. Thelathini na mbili, msomaji! Nyumbani ni staa, duniani hata hawamjui.

Wengine tungebaki na matangazo. Sura inauza, hela inaingia, kujitesa kwa lipi? Yeye akafunga begi akahamia Novogorsk, nje kidogo ya Moscow, kwenye kambi ya Warusi wenyewe. Yaani alikwenda kufundishwa na kufanya mazoezi pamoja na walewale waliokuwa wanamfunga. Fikiria mwenyewe: binti wa miaka 16 kwenda 17, lugha si yake, baridi ya kule si ya kitoto, chakula kinapimwa, na kila asubuhi ukiamka unakutana na Evgeniya Kanaeva, bingwa wa Olimpiki, anafanya kwa kupasha misuli kitu ambacho wewe unakiita ndoto.

Dawa ikaingia. Mwaka 2011, mashindano ya dunia Montpellier, Ufaransa, alitoka wa 11. Kutoka 32 mpaka 11 ndani ya mwaka mmoja! Nafasi hiyo ikampa tiketi ya London.

LONDON: KIRUNGU HIKI!

Agosti 2012, ukumbi wa Wembley Arena. Yeon-jae ana miaka 18. Kwenye mchujo akacheza virungu, kiatu kimoja kikamvuka zuliani. Akaendelea na mguu mmoja peku kama hakuna kilichotokea, akatoka wa sita, akaingia fainali ya watu kumi. Hakuna Mkorea aliyewahi kufika fainali hiyo kabla yake.

Mimi naamini virungu vilikuwa vimeshampa salamu siku ile, tatizo ni kwamba salamu nyingine huwa tunaitikia tukiwa tumechelewa.

Agosti 11, fainali. Miaka hiyo kila kifaa kilikuwa na alama 30, kwa hiyo jumla kuu ni 120. Akaanza na pete: 28.050. Akaja na mpira: 28.325. Anakimbizana na wenye medali bega kwa bega, ukumbi unaanza kunong'ona. Kikaja kifaa cha tatu, virungu. Kirungu kikamponyoka kikaanguka zuliani. Waamuzi wakampa 26.750.

Unajua alichofanya? Alitoka, akabadili nguo, akarudi na utepe akapata 28.350, alama yake ya juu kuliko zote za siku hiyo. Lakini kilichoanguka kilikuwa kimeshaanguka. Jumla 111.475, nafasi ya tano. Dhahabu akachukua Kanaeva, fedha akachukua Mrusi mwenziwe Daria Dmitrieva, na shaba ikaenda kwa Liubov Charkashyna wa Belarus mwenye 111.700.

Chukua kalamu upige hesabu. 111.700 toa 111.475. Inabaki 0.225. Sifuri nukta mbili mbili tano, kwenye alama 120! Hata kipande cha kucha ni kikubwa kuliko hicho. Virungu vingempa 27 tu, ambayo bado ingekuwa alama yake ya chini kuliko zote za siku, medali ilikuwa shingoni mwake.

Mtu wa tano akiwa ameachwa mbali analala. Lakini wa tano anayejua ni sekunde ipi hasa iliyomnyima, huyo analalaje?

INCHEON: MBELE YA MAMA NA MAJIRANI

Sitaki ufikiri huyu binti alikuwa wa kulia tu. La hasha! Baada ya London alikuja juu ile mbaya. Mwaka 2013 alichukua ubingwa wa Asia huko Tashkent, kwa Wauzbekistan wenyewe. Aprili 2014 akashinda Kombe la Dunia la Lisbon, Ureno, na Septemba mwaka huo akapata shaba ya pete kwenye mashindano ya dunia, Izmir, Uturuki. Hakuna Mkorea aliyewahi kuleta nyumbani vitu hivyo.

Halafu ikaja Michezo ya Asia ya 2014, tena ikafanyika kwao, Incheon, jirani kabisa na Seoul. Hapo ndipo presha. Ukishindwa Urusi unajificha hotelini, ukishindwa kwenu unakutana na muuza genge kesho asubuhi anakuangalia kwa huruma.

Oktoba 2, 2014, ukumbi umefurika. Virungu, vilevile vya London, vikampa 18.100 kati ya 20, maana mfumo wa alama ulikuwa umeshabadilishwa. Utepe 18.083. Pete 18.216. Mpira ukamsumbua kidogo, 17.300. Jumla 71.699. Mchina Deng Senyue akabaki na 70.332. Dhahabu! Dhahabu ya kwanza ya Korea kwenye mchezo huu tangu Michezo ya Asia ianze kuuchezesha.

Wapo waliosema hata hapo. Huko kwao si wote waliompenda, kulikuwa na wa kusema anabebwa, sura yake inatangulia mchezo wake, matangazo mengi kuliko medali. Maneno hayo hayana nchi wala pasipoti. Ukishindwa wanasema walijua, ukishinda wanasema umebebwa. Na matangazo yenyewe mimi sioni kosa lake. Kambi ya Urusi si ya bure, na huwezi kulipa mwalimu kwa makofi ya mashabiki.

RIO: HAKUDONDOSHA KITU

Mwaka 2015 kifundo cha mguu kikamletea matatizo, akashuka mpaka wa 11 kwenye mashindano ya dunia ya Stuttgart. Wakamzika kabla hajafa. Lakini ilipofika Agosti 2016 alikuwa Rio, miaka 22, na kwenye mchujo akatoka wa tano.

Hapa sasa ndipo tuliporudi sebuleni kwa shangazi.

Mtangazaji alikuwa ameshaeleza habari ya London na kile kirungu. Kwa hiyo hata binamu yangu wa "sarakasi" akawa ameanza kukaa vizuri kwenye kochi. Shangazi kaacha mchele. Pete: 18.216. Mpira: 18.266. Kikafika kifaa cha tatu, virungu, kilekile na kwa zamu ileile iliyommaliza London. Nakwambia msomaji, nilifunga jicho moja. Nikawa natazama kwa lingine, nimeng'ata mtandio.

Virungu vikapanda, vikashuka, vikapanda, akageuka bila kutazama, vyote viwili vikamrudia. 18.300! Alama yake ya juu kuliko zote za usiku ule. Shangazi akapiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Utepe akafunga na 18.116. Vifaa vinne, vyote juu ya 18. Hakudondosha kitu. Jumla 72.898.

Na bado haikutosha.

Ganna Rizatdinova wa Ukraine alikuwa na 73.583, shaba ikawa yake. Tofauti ni 0.685. Dhahabu ilikwenda kwa Margarita Mamun wa Urusi mwenye 76.483. Fedha ikaenda kwa Mrusi mwingine, Yana Kudryavtseva, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo. Na huyu alikuwa anaongoza, akiielekea dhahabu, lakini mwishoni kabisa mwa zamu yake ya virungu kirungu kimoja kikadondoka! Kumbe vile virungu havina rafiki, hata bingwa wa dunia vinamgeuka. Ila yeye alidondosha akapata fedha, Yeon-jae hakudondosha akakosa hata shaba. Ndiyo mambo yalivyo. Wale walianzia juu zaidi.

Nikategemea nimwone analia ile ya London. Nilichokiona ni binti anasubiri alama kwenye benchi, jina linatokea la nne, anavuta pumzi, na uso wake una kitu ambacho wakati ule sikukielewa. Haikuwa furaha, lakini haikuwa majuto pia.

Binamu wakachukua rimoti yao. Brazil wakashinda kwa penalti, Neymar kapiga ya mwisho, nyumba nzima kelele. Mimi nilikuwa bado niko Korea.

Kesho yake, Jumapili ya Agosti 21, kijana wetu Alphonce Simbu akakimbia marathoni ya Rio, akatoka wa tano. Wa tano duniani! Lakini kijiweni kwetu nilisikia jamaa mmoja anasema, "Wa tano na wa mwisho si yuleyule, wote hawana medali." Bongo tangu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walete fedha mbili za Moscow 1980 hatujaona nyingine ya Olimpiki, na bado tuna mdomo wa kumdharau wa tano.

C MBILI NA D TANO

Sasa niingize na yangu, maana ndiyo sababu ya kukusimulia yote haya.

Mtihani nilifanya Novemba 2016. Matokeo yakatoka mwanzoni mwa 2017: divisheni foo, pointi 26. Wanaojua wanajua. Divisheni three inaishia 25. Nilikuwa na C mbili na D tano. D moja tu ingegeuka C, ningekuwa na divisheni three na krediti tatu za kuniingiza kidato cha tano. Pointi moja, msomaji.

Na kama Yeon-jae wa London, mimi sekunde yangu naijua. Ilikuwa Historia, somo ambalo nilikuwa nawafundisha wenzangu. Swali la kwanza nililipamba, nikaandika kurasa na kurasa nikijiona profesa. Nilipoinua kichwa, dakika kumi zimebaki na insha ya mwisho sijaianza. Niliandika nusu ukurasa, karatasi zikakusanywa. Hicho ndicho kirungu changu. Usiku wa matokeo sikulala, na wiki nzima baadaye nilikuwa nikifumba macho naona ile karatasi nyeupe.

Februari 2017, wakati mimi nimejifungia chumbani, Yeon-jae akatangaza kuachana na mashindano. Miaka 22. Nilikasirika kana kwamba kaniaga mimi. Nikasema, unaachaje bila medali? Rudi Tokyo uidai!

Mwaka huohuo nikarudia Historia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Asubuhi namsaidia mama maandazi, mchana nakaa na daftari. Safari hii maswali yote niliyajibu, nikakagua, nikakagua tena, msimamizi akasema muda umekwisha mimi kalamu nimeshaiweka chini. Matokeo yakaja: D. D ileile!

Nililia kidogo, sikufichi. Lakini usiku nililala. Nililala fofofo mpaka mama akaja kunigusa, kadhani kuna jambo. Hapo ndipo nilipouelewa ule uso wa Rio. Kuna kukosa kwa sababu kimekuponyoka, na kuna kukosa kwa sababu umefika mwisho wako na wenzako wamefika mbele kidogo. Kwenye karatasi yanaandikwa sawa, D na D, bila medali na bila medali. Kitandani hayafanani hata kidogo.

YUKO WAPI SASA?

Najua utauliza, maana wasomaji wangu kwa udaku hamjambo. Yeon-jae yuko Seoul. Alifungua studio yake, anafundisha jimnastiki watoto. Aliolewa 2022, na Februari 2024 akajifungua mtoto wa kiume. Tokyo hakurudi kuidai. Medali ya Olimpiki hakuipata na hataipata.

Simbu wetu yeye alipata mwisho mwingine. Mwaka 2017 alichukua shaba ya dunia London, na Septemba 2025, Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, tena kwa kutazamwa picha ya kamera, maana yeye na Mjerumani Amanal Petros walifika kwa muda mmoja, 2:09:48. Yule jamaa wa kijiweni siku hiyo alishangilia kuliko wote. Sikumkumbusha alichosema, sikutaka kumharibia.

Lakini usinielewe vibaya. Sisemi vumilia utashinda, hayo waachie wauza vitabu. Wengine wanavumilia na hawashindi, Yeon-jae ni mmoja wao na mimi ni wa pili. Ninachosema ni kimoja tu: hakikisha kilichokunyima si kile kilichokuwa mkononi mwako.

Nina mdogo wangu yuko kidato cha nne. Juzi mzee kamwambia mezani, "Usije ukafanya kama dada yako." Nilinyamaza, nikala ugali wangu. Usiku nikamwita uani, nikamwonyesha kwenye simu fainali mbili, ya London na ya Rio. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa dada, mbona zote kashindwa?"

Nikamwambia arudie kuangalia virungu. Na mtihani ukifika, insha ya mwisho asiiache nyeupe.

Haya msomaji, nafasi yangu imekwisha. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Usidondoshe kitu!